Nani Mwenye Jina la Mfanyakazi?

Nimepewa wasaa wa kusema juu ya masoko ya kazi yaliyomo katika intaneti, ambamo mtu aliye Chicago au London, au hata aliye Nairobi, hutangaza haja yake, na mtu aliye hapa Muthetheni, katika Machakos, asiyejulikana naye kwa sura wala kwa ukoo, hujitokeza kuikidhi haja hiyo kwa ujira waliopatana. Na wote wawili huweza kuumaliza muamala wao, wakalipana na kushukuriana, pasipo kupata kuonana maishani. Swali la kwanza ambalo wazazi huuliza juu ya jambo hili ni kama kweli zimo fedha ndani yake. Ni swali la haki katika nchi ya mvua haba kama yetu, ambako mbaazi na ndengu hutegemea wingu, na maembe yakizaa sana bei huanguka hata yakaozea chini ya miti yake. Lakini liko swali jingine ambalo kwa maoni yangu latangulia hilo, nalo ni kwamba mtu akiisha kuzifanya kazi za watu wengi kwa uhodari na uaminifu, ile sifa aliyoichuma hukaa mikononi mwa nani. Nataka tulitazame hilo kwa makini, kwa kuwa naamini ndilo linalopasa kumshughulisha kijana anayetafuta kazi, na ndilo linalopasa kumwongoza tajiri anayetafuta mtu wa kumpa kazi.

Soko hili si la jana. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 20 kampuni iliyoitwa Elance ilianza kuwakutanisha watu namna hii kule Marekani. Mwaka 2003 Wagiriki wawili marafiki, Odysseas Tsatalos aliyekuwa Marekani na Stratis Karamanlakis aliyekuwa Ugiriki, walitaka kufanya kazi pamoja ingawa bahari iliwatenga, na katika kutafuta njia ya mmoja kuiona kazi ya mwenziwe kutoka mbali ndipo walipoanzisha oDesk. Makampuni hayo mawili yaliungana baadaye, na tangu mwaka 2015 yajulikana kwa jina moja la Upwork. Yako na mengine, kama Freelancer yenye makao yake Sydney, na Fiverr iliyozaliwa Israeli mwaka 2010. Kwetu sisi mlango ulikuwa mwembamba mpaka mwaka 2009, zilipotua Mombasa nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM. Kabla ya hapo karibu kila neno tulilolipeleka ng'ambo kwa intaneti lilipitia setilaiti, kwa gharama kubwa na kwa mwendo wa kuchosha. Tulikuwa tumekwisha kuwa na M-Pesa tangu mwaka 2007, ambayo ilituzoeza kupokea fedha kwa simu hata kabla hatujadhani kwamba siku moja zitatoka ng'ambo. Mwaka 2016 serikali ikaanzisha mpango wa Ajira Digital wa kuwafundisha vijana kazi hizi, na mwaka 2018 ikafunguliwa njia ya kuzitoa fedha katika PayPal na kuzitia katika M-Pesa moja kwa moja. Hapo ndipo kijana aliyemaliza kidato cha nne hapa kwetu, mwenye kompyuta ya mkononi na lugha ya Kiingereza iliyonyooka, alipoweza kuingia sokoni bila ya kupanda gari.

Mwenendo wa soko lenyewe ni huu. Mwenye kazi huandika tangazo, akaeleza ataka nini, kwa muda gani, na yu tayari kulipa kiasi gani. Wafanyakazi huleta maombi yao, naye huchagua. Kisha huziweka fedha katika amana ya mwenye soko kabla kazi haijaanza, nazo hukaa pale hali si zake tena wala si za mfanyakazi bado. Kazi ikikabidhiwa huikagua, na akiridhika huziachilia. Katika Upwork, mwenye kazi akikaa kimya kwa siku 14 baada ya kukabidhiwa, fedha hufunguka zenyewe. Kwa kazi inayolipwa kwa saa iko programu inayopiga picha ya kioo cha kompyuta ya mfanyakazi, mara 6 katika kila saa, ili tajiri aone kwamba saa anazozilipia zimetumika katika kazi yake. Mwenye soko naye hutwaa ushuru: Fiverr huchukua dola 20 katika kila 100 anazolipwa mfanyakazi, Upwork mwaka 2016 iliweka utaratibu wa kutoza 20 katika kila 100 kwa dola 500 za kwanza kutoka kwa mteja mmoja, kisha 10, kisha 5 kwa yule aliyekwisha kulipwa na mteja huyo fedha nyingi, na mwaka 2023 ikautengua utaratibu huo na kutoza 10 kwa wote. Nimeyataja mabadiliko hayo kwa makusudi. Mtu aliyekwisha kufika daraja ya 5 kwa subira yake alirudishwa kwenye 10, na yule mgeni aliyekuwa akikatwa 20 akapata nafuu. Iwe ni insafu au si insafu, shauri lilikatwa na mwenye soko peke yake, na wale waliokatwa ushuru hawakuwa na baraza ambamo wangeweza kusema.

Sitaki kuupunguza wema wa soko hili, maana ni mkubwa. Katika miji yetu mtu akienda kutafuta kazi aghalabu huulizwa ametumwa na nani kabla ya kuulizwa ajua nini, na kijana wa Muthetheni asiye na mjomba katika ofisi hata moja ya Nairobi huweza kuipiga lami mpaka viatu vikaisha soli. Sokoni humu huulizwa mfano wa kazi yake. Mama mwenye mtoto mchanga aweza kufanya kazi mtoto akilala, na mtu asiyeweza kutembea haulizwi miguu yake. Aidha lile jambo la amana ni jema kupita yote. Wangapi katika vibarua wetu wamelima shamba la mtu, wamejenga ukuta, wamechimba kisima, na siku ya malipo wakaambiwa njoo kesho, na kesho ikazaa kesho nyingine? Mtu anayeanza kazi akijua kwamba ujira umekwisha kuwekwa mahali pasipofikiwa na mkono wa tajiri huifanya kazi hiyo kwa moyo uliotulia. Ni kweli kwamba yako matangazo yasemayo waziwazi kuwa kazi ni ya walioko Marekani tu, na wako matajiri ambao wakiona jina la nchi yetu hushusha bei papo hapo. Hata hivyo, kwa jumla, mlango huu umewapokea wengi waliofungiwa milango mingine.

Sasa tuje kwenye jina. Kila kazi ikimalizika, mwenye kazi humwandikia mfanyakazi ushahidi, akampa nyota moja hadi tano na maneno machache ya sifa au ya lawama. Ushahidi huo ndio rasilimali ya mfanyakazi. Asiye nao, hata awe mahiri namna gani, hupitwa. Hulazimika kushusha bei mpaka karibu na bure ili apate tajiri wa kwanza wa kumshuhudia, kisha wa pili, kisha wa tatu. Akiisha kuupata huweza kuinua bei, akachagua kazi, akakataa ya mtu mwenye maneno machafu. Lakini daftari la sifa hizo hukaa kwa mwenye soko. Mfanyakazi hawezi kulichukua akaenda nalo soko la pili. Huko ataanza upya, kama kwamba hajapata kufanya kazi maishani. Na mlango ukifungwa, daftari hufungiwa ndani. Mwezi wa Machi mwaka 2024 soko la Remotasks, lililokuwa likiwapa Wakenya kazi ya kutambulisha picha na maneno kwa ajili ya mashine zinazofundishwa, lilisimamisha kazi zake katika Kenya, na watu waliokuwa wakilitegemea wakaziona akaunti zao zimefungwa. Ujira wa kesho mtu aweza kuutafuta kwingine. Ile habari ya kazi yake ya jana, kwamba alikuwa mwangalifu, kwamba hakukosea, kwamba alimaliza kwa wakati, haikuwa na pa kwenda.

Wazee wetu walikijua kipande, ile hati ya kazi ya wakati wa ukoloni, au walisimuliwa habari zake na baba zao. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika mara baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na kila mwanamume Mwafrika aliyefika umri wa miaka 16 alipaswa kuichukua hati hiyo, aghalabu imetiwa katika kikebe cha bati kilichoning'inia shingoni. Ndani yake mlikuwa na alama za vidole vyake, jina la bwana wake, siku aliyoingia kazini, mshahara wake, na siku aliyoruhusiwa kuondoka. Na mtu aliyeiacha kazi kabla bwana hajatia sahihi alihesabiwa kuwa mkosaji mbele ya sheria. Sisemi kwamba kipande na nyota za mtandaoni ni mamoja. Kile kilikuwa ni cha nguvu na cha dharau, na hizi zinafuatwa kwa hiari. Lakini katika kile mfanyakazi alilazimishwa kuyabeba maneno ambayo mwingine ameyaandika juu yake, na katika hizi mfanyakazi huandikiwa na mwingine pia, ila huzuiliwa kuyabeba maneno hayo. Mahali pote pawili kalamu haimo mkononi mwake, wala daftari si lake.

Liko tawi moja la kazi hizi ambalo siwezi kulipita mbiombio, kwa sababu ndilo lililowachukua vijana wetu wengi waliosoma, na ndilo lililowapotezea majina yao kabisa. Nasema juu ya uandishi wa insha za wanafunzi wa ng'ambo. Kwa miaka mingi Kenya imekuwa mashuhuri kwa jambo hili: mwanafunzi wa Marekani au wa Uingereza apewapo na mwalimu wake kazi ya kuandika, hulipa fedha, na kijana wa Kiafrika aliyetoka chuo kikuu na kukosa kazi hukesha akisoma vitabu juu ya uuguzi au sheria au historia ya Ulaya, akaandika insha safi ambayo mwanafunzi yule hutia jina lake juu yake na kupewa alama. Mara nyingi kijana huyo hata akaunti si yake. Mwenye akaunti ni mwingine, aliyeipata zamani au kuinunua, wakati mwingine kwa jina la mtu wa nchi nyingine. Yeye hupokea kazi kwa bei moja, akazigawa kwa waandishi wake kwa bei nyingine kwa kila ukurasa, na siku ya malipo akawaambia kwamba mteja hakuridhika, nao hawana njia ya kujua kama ni kweli au ni hadaa. Mwandishi huyo amefichwa mara mbili: amefichwa nyuma ya mwenye akaunti, na amefichwa tena nyuma ya mwanafunzi.

Simchukii kijana wa namna hiyo, na naomba asichukiwe. Akili inayoweza kuandika juu ya magonjwa ya moyo Jumatatu na juu ya mikataba ya biashara Jumatano ni akili ambayo nchi yoyote ingejivunia, na kosa la kwanza ni letu tuliomsomesha tukamwacha njiani. Lakini nitakuwa sikutenda haki nisiposema kwamba kazi hiyo ni ya udanganyifu, na kwamba mgonjwa wa ng'ambo aliyelala kitandani anastahili muuguzi aliyeisoma mwenyewe elimu yake. England imekataza kwa sheria ya mwaka 2022 biashara ya kuwauzia wanafunzi insha. Kisha mwisho wa mwaka huo huo ikatokea programu ya ChatGPT, na mwanafunzi mvivu akapata wa kumwandikia bila malipo. Waandishi wengi wakaona kazi zimekauka. Ndipo msiba wenyewe ulipodhihirika. Mtu aliyekuwa ameandika usiku na mchana kwa miaka, maelfu ya kurasa, alipotaka kwenda kutafuta kazi ya halali ya uandishi au ya utafiti, aliulizwa mfano wa kazi yake, na hakuwa na ukurasa hata mmoja ambao angeweza kuuonyesha na kusema kwamba huu ni wangu.

Nayasema haya hapa Muthetheni kwa sababu jirani zetu wa Wamunyu waliupitia mtihani wa jinsi hiyo zamani, wakaupatia dawa, ijapokuwa si dawa kamili. Habari zao mwazijua. Mutisya Munge wa Wamunyu alikwenda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, katika utumishi wa Waingereza, na huko akaiona kazi ya wachongaji wa Kiafrika, akaishika kwa macho na kwa mikono, akarudi nayo nyumbani. Wakamba walikuwa wakichonga tangu kale, vigoda na bakora na mizinga ya nyuki. Yeye alileta uchongaji wa sanamu za kuuzwa kwa wageni. Akawafundisha watu wa nyumba yake, na hao wakawafundisha majirani, hata ikawa kwamba katika nusu ya karne moja paa, twiga na vinyago vya Wakamba vilijaa katika maduka ya Nairobi na Mombasa, vikavuka bahari hadi katika nyumba za Ulaya na Marekani. Mnunuzi wa huko hakujua mkono gani ulichonga. Alijua kwamba ni kitu cha Afrika, basi. Aliyejulikana ni mwenye duka, na mwenye duka alipanga bei ya kununulia na bei ya kuuzia, na tofauti iliyokuwa katikati ilikuwa siri yake.

Mwaka 1963 wachongaji wa Kikamba waliokuwa wakifanya kazi Changamwe, Mombasa, walikaa pamoja wakaunda chama chao cha ushirika, ambacho kingali kikijulikana mpaka leo kwa jina la Akamba Handicraft. Utaratibu wao ulikuwa mwepesi, na kwa wepesi wake naustaajabia. Kila mwanachama ana nambari yake, nayo huitia katika kitu alichokichonga. Kitu hicho huwekwa katika duka la chama pamoja na vitu vya wenziwe, na kikiuzwa daftari lajua ni cha nani, na fedha zamwendea mwenyewe baada ya chama kukata sehemu yake. Mnunuzi akipenda mkono ule aweza kuurudia. Wamunyu nako kuna chama cha ushirika cha wachongaji. Hakika vyama hivyo vimepata taabu zake, maana miti ya muhugu na mpingo imepungua porini na watalii huja na kuacha kuja, na mimi sitavipamba kupita kiasi. Lakini tazameni walichokifanya: dalali hawakumfukuza, kwa kuwa hakuna biashara ya mbali bila ya dalali, bali walijifanya wao wenyewe kuwa dalali, na daftari likawa lao. Nambari iliyotiwa chini ya sanamu ya mti, mahali pasipoonekana na mtu mpaka aigeuze, ilikuwa ni jina la mtu, na jina hilo lilifuatana na kazi yake kokote iendako.

Nimesema hadi sasa kama kwamba sisi ni wafanyakazi tu. Lakini Muthetheni ina matajiri wake pia, nami nataka niseme nao, hasa kwa vile sasa masoko haya yanatumiwa na watu wa hali ya wastani: mwenye shamba la maembe anayetaka chapa ya kubandika katika makasha yake, mwalimu mkuu anayetaka daftari la karo liingizwe katika kompyuta, chama cha akina mama wanaosuka vyondo ambacho chataka picha nzuri na maelezo ya Kiingereza ili kiuze ng'ambo, mwana wetu aliye Marekani anayetaka mtu wa kumwandalia hesabu za ujenzi wa nyumba ya mama yake. Hao wote wakimtafuta mtu katika mtandao huona bei za namna mia na nyuso za namna mia, na kishawishi cha kwanza ni kumchukua wa bei ya chini. Rahisi huwa ghali. Aliyejishusha mno ama hajui kazi, au ana shida iliyombana hata akakubali asichokiweza, na yote mawili yatamrudia mwenye kazi kwa sura ya kazi mbovu na siku zilizopotea.

Shauri langu kwenu ni kwamba kabla ya kumtafuta mtu mjikalishe chini na kuandika mnataka nini hasa, kwa maneno ambayo mgeni wa Kitui au wa Manila angeyafahamu bila ya kuuliza. Kazi nyingi huharibikia katika tangazo. Mtu huandika kwamba ataka chapa nzuri, na hasemi kwamba itapigwa kwa rangi mbili tu kwa kuwa mpiga chapa wa Machakos hutoza kwa kila rangi. Fundi huleta chapa ya rangi saba inayometa, kisha huanza magomvi ambayo hakuna aliyeyakusudia. Mkiisha kuandika, someni kazi za nyuma za waombaji kuliko kuhesabu nyota zao, maana nyota zaweza kununuliwa na akaunti zaweza kukodishwa, lakini mtu aliyeifanya kazi kwa mikono yake huweza kuieleza: mwulizeni kwa nini alichagua hivi na si vile, na jibu lake litawaambia mengi. Zungumzeni naye kwa sauti walau mara moja. Mkiwa na mashaka, mpeni kipande kidogo cha kazi kwanza, na kipande hicho mkilipie. Nalisisitiza hili la kulipia, maana imekuwa mazoea mabaya ya matajiri wengine kuwaambia waombaji kumi kila mmoja alete mfano wa bure, wakaichukua mifano yote kumi na kutoweka. Huo ni wizi wa ujira, ingawa hapana aliyevunja mlango. Wekeni fedha katika amana kabla ya kazi kuanza, na yeyote atakayewaomba mtoke nje ya soko mlipane kwa siri ili kukwepa ushuru mkataeni, kwa maana pale nje hakuna wa kuamua baina yenu, na akaunti za nyote wawili zaweza kufungwa kwa kosa hilo. Kisha, kazi ikikamilika, lipeni siku hiyo hiyo. Mfanyakazi anayengojea siku 14 kwa sababu tu ninyi mmesahau kubonyeza kitufe cha kuridhia, ana nyumba kama ninyi.

Fauka ya hayo liko jambo ambalo soko halimlazimishi tajiri kulifanya, nalo kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote: mpeni mfanyakazi jina lake. Mwandikieni barua yenye sahihi, nje ya mtandao, ikisema kazi aliyowafanyia na jinsi alivyoifanya, naye aiweke nyumbani kwake. Mruhusuni kuionyesha kazi hiyo kuwa ni yake. Chapa ile ya maembe ikisifiwa, semeni imechorwa na nani. Ikiwa ni tovuti ya shule, acheni jina la aliyeitengeneza likae chini ya ukurasa. Haiwagharimu shilingi moja, na kwa kijana aliye nyuma ya kioo cha kompyuta, ambaye soko laweza kumfungia mlango usiku mmoja, barua tatu kama hizo ni mali ambayo hapana kampuni ya Marekani iwezayo kuitwaa.

Na ninyi vijana wenyewe, msingojee barua tu. Hapo kale shamba la mtu lilipokuwa kubwa kuliko nguvu zake, wenyeji walikusanyika katika mwethya wakalima pamoja leo kwa huyu, kesho kwa yule. Na matuta mengi yanayozuia udongo wetu usichukuliwe na maji yalichimbwa kwa mikono ya mwethya. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1997 iliweka hesabu ya watu 10 kuwa yatosha kuanzisha chama. Hapa kwetu kumi hawakosekani: mwenye kuchora, mwenye kuandika, mwenye kutunga programu, mwenye kusikiliza sauti na kuziandika, mwenye hesabu. Upwork yenyewe huruhusu wafanyakazi kadhaa kukaa chini ya jina moja la wakala, kwa haki na kwa uwazi, bila ya kukodishiana akaunti. Basi na liwe ni jina la chama, na kila kazi itakayofanywa iandikwe katika daftari la chama pamoja na jina la aliyeifanya, na nakala ya kazi ihifadhiwe mahali ambapo mwenyewe aweza kuipata, na ujira utolewe mbele ya wote ili pasiwe na mtu wa kuambiwa kwamba mteja hakulipa. Wenzenu wa Nairobi, wale wanaochuja maneno na picha mbaya kwa niaba ya makampuni makubwa ya mitandao, walikutana tarehe 1 Mei mwaka 2023, zaidi ya watu 150, wakaazimia kuunda chama chao cha wafanyakazi. Kazi yao ni ngumu kuliko yenu na mashauri yao yamefika hadi mahakamani, lakini walianza kwa kukaa katika chumba kimoja na kutajiana majina.

Chumba ndicho ninachokiomba leo. Ikiwa ni saa tatu asubuhi New York wakati wa baridi yao, kwetu ni saa kumi na moja jioni. Na majira hayo hayo mtu wa California afunguapo ofisi yake saa tatu asubuhi, sisi huku ni saa mbili usiku. Kazi hizi basi huanza pale ambapo soko letu la hapa hufungwa. Mvulana hujikaza akafanyia kazi nyumbani, penye mtandao dhaifu na taa ya kukopa. Msichana hawezi kwenda kutafuta mtandao gizani, wala mzazi wake hatamruhusu, na haki iko kwa mzazi. Wako wenye nyumba sokoni zenye umeme ambazo hukaa bure tangu jua kuchwa hadi asubuhi. Nawaomba hao watoe nyumba moja tu, ifunguliwe saa kumi na moja jioni hadi saa sita usiku, pawe na mzee mmoja mwaminifu na mama mmoja wa kuisimamia, na gharama ya mtandao wachangiane hao watakaoitumia. Aliye tayari kuitoa na awaarifu wazee wa soko kabla ya mwezi huu kwisha, na kijana anayetaka kuwa katika kumi wa kwanza naye aende kwao akaandikishwe.